Kutu ya gari pwani: chumvi itoke kwanza, rangi baadaye

Chukua Toyota Corolla 110 mbili zilizoteremshwa bandari ya Kilindini mwaka mmoja. Moja ikapanda barabara ya Nairobi ikaishia Nakuru, nyingine ikabaki Nyali, kando ya bahari Mombasa. Miaka kumi na mitano baadaye ile ya Nakuru imepauka paa kwa jua, lakini bodi bado ni ngumu. Ile ya Nyali inang'aa mpaka upitishe vidole chini ya mlango; hapo unatoka na unga wa kahawia na magamba ya chuma. Mwenyewe hushangaa, maana gari aliliosha kila Jumamosi na fundi alishalipiga rangi zaidi ya mara moja. Mara nyingi tatizo limo humo humo: kwenye maji aliyooshea, na kwenye kitu kilichoachwa chini ya rangi.

Kitu hicho ni chumvi. Mtu wa Mombasa akitaka gari lake la zamani lidumu, kazi yake kubwa ni kuitoa chumvi na kuuzuia unyevu usikae. Rangi huja mwisho, na rangi peke yake haijawahi kutibu kutu.

Chuma huota kutu kinapokutana na maji na oksijeni kwa pamoja. Kikikosekana kimoja, hakuna kutu. Kinachotokea ni umeme mdogo: sehemu moja ya bati hupoteza elektroni na chuma chake huyeyuka kidogo kidogo, sehemu ya jirani huzipokea elektroni hizo na kuikabidhi oksijeni, na maji yaliyolowesha bati ndiyo yanayofunga mzunguko. Maji safi ya mvua hupitisha umeme kwa shida, kwa hiyo kazi huenda polepole. Yakiingia chumvi, njia hufunguka. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi katika kila lita, na upepo wa ufuoni hubeba matone yake madogo hadi mitaa ya ndani. Isitoshe, kloridi iliyomo kwenye chumvi huvunja ule utando mwembamba unaojijenga juu ya chuma na ambao ungekikinga walau kidogo.

Na kloridi haiishi. Inashiriki, inaachiliwa, inashiriki tena. Chembe ya chumvi iliyofungiwa chini ya rangi mpya itaendelea kula bati kila unyevu utakapofika.

Hapa kwetu unyevu unafika kila siku. Chumvi ya kawaida huvuta maji kutoka hewani hadi ikayeyuka yenyewe unyevu wa hewa ukifikia kama asilimia 75. Ndiyo maana chumvi ya mezani hulowana koponi. Chumvi ya bahari ina magnesi kloridi pia, na hiyo huanza kuvuta maji unyevu ukiwa kama asilimia 33 tu. Alfajiri nyingi za Mombasa hupita viwango vyote viwili. Kwa hiyo gari lililoegeshwa Bamburi au karibu na bustani ya Mama Ngina ufuoni, lisiloguswa na tone la mvua tangu Januari, chini yake huweza kuwa na majimaji kila usiku. Watu husubiri masika ndipo waanze kuihofia kutu, kumbe mvua kubwa huzisuuza zile sehemu zilizo wazi. Kinachoumia ni mikunjo ambayo mvua haiifikii, na mifuko ya ndani ambayo maji huingia yakakosa pa kutokea.

Turudi kwenye kuosha. Maji ya mfereji ya mji huu hutoka mbali, Mzima, Baricho, Marere, Tiwi, na hayafiki kila nyumba kila siku. Majumba mengi, na sehemu nyingi za kuoshea magari, hutegemea kisima. Kisima cha kisiwani au cha karibu na ufuo mara nyingi ni cha maji ya chumvi. Gari likioshwa kwa maji hayo likaachwa likauke juani, maji huruka na chumvi hubaki kwenye kila mshono. Dalili zinaonekana: sabuni inakataa kutoa povu, na kioo kikikauka kinabaki na mabaka meupe. Maji ya namna hiyo yatumie kutoa matope tu. Suuza ya mwisho iwe ya maji matamu, ya mfereji au ya mvua uliyoyakinga, na mtungi mmoja wa lita 20 unatosha ukitumiwa kwa akili. Mimi hupendekeza ile pampu ya mkono ya kunyunyizia mimea, iwe mpya isiyowahi kutiwa dawa: inapeleka maji kwa nguvu ndani ya madigadi, nyuma ya magurudumu na chini ya vizingiti, ambako ndiko kwenye haja. Paa la gari linaweza kungoja.

Kabla ya kununua chochote, likague gari. Piga goti ufungue mlango, utazame ukingo wake wa chini. Kuna vitundu vyembamba, viwili au vitatu. Maji yanayoteremka na kioo cha dirisha huingia ndani ya mlango kila mvua inaponyesha. Ndivyo mlango ulivyoundwa, na vitundu hivyo ndivyo vya kuyatoa. Vumbi, majani na uchafu wa mipira huviziba. Ingiza kijiti cha plastiki ukizungushe polepole. Yakitiririka maji ya kahawia siku kadhaa baada ya mvua kukatika, mlango huo umekuwa tangi, na bati lake linaoza kutokea ndani kwenda nje. Kipele utakachokiona kwenye rangi ni mwisho wa safari hiyo. Ukikisugua kwa nje tu, utakuwa umefika wakati kutu imeshapita.

Vizingiti vya milango, yaani yale maboksi ya bati unayoyavuka ukiingia garini, vina vitundu vya namna hiyo hiyo kwa chini. Tazama pia kingo za madigadi, pembeni mwa mpira wa kioo cha mbele, bati lililo chini ya betri, na shimo la tairi la akiba kwenye buti. Hilo la buti nalitilia mkazo kwa wale wanaobeba samaki. Barafu huyeyuka, maji yake ya chumvi hupenya chini ya kapeti na kukaa shimoni, na hakuna jua linalofika pale. Mwenye kubeba samaki awe na beseni lisilovuja, na kila jioni ainue lile tairi.

Chukua sumaku ndogo uifunge kitambaa, uipitishe kwenye bodi. Inaposhika kwa nguvu kuna chuma. Inapoteleza kuna puti ya fundi aliyetangulia. Kisha gongagonga vizingiti kwa mpini wa bisibisi. Bati zima hulia, bati lililooza hutoa sauti iliyokufa na wakati mwingine huanguka vipande. Ni afadhali lianguke hapo nyumbani.

Utakachokuta kitakuwa cha aina tatu. Kuna kutu ya juujuu, pale rangi ilipokwaruzika na chuma kimepiga rangi ya machungwa lakini bado ni laini ukikigusa. Kuna vipele. Na kuna matundu.

Kipele ndicho kinachodanganya watu. Kitafute kwenye ukingo wa madigadi ya nyuma, kidogo tu, ukubwa wa punje ya choroko, ukichome kwa msumari. Rangi inavunjika. Ndani kuna unga, na chini ya unga bati jeusi lenye vishimo. Kutu huchukua nafasi mara mbili na zaidi ya chuma ilichokila, ndiyo sababu inainua rangi. Endelea kukwangua kwa ncha ya kisu: rangi iliyozunguka inabanduka bila ubishi, na eneo lililoliwa linatokea kuwa pana kuliko lilivyoonekana. Bati la bodi kwa kawaida halifiki unene wa milimita 1, na rangi yote iliyo juu yake, tabaka zote pamoja, ni kama sehemu ya kumi ya milimita. Hakuna nafasi ya kuchezea.

Kazi yenyewe ichagulie majira. Januari na Februari, kaskazi ikivuma na mvua ikiwa adimu, ndio wakati mzuri. Anza kama saa tatu asubuhi, umande ukishakauka, na rangi yoyote iwe imepigwa kabla ya saa tisa alasiri. Ukipiga jioni, unyevu unarudi rangi ingali mbichi.

Osha eneo kwa sabuni na maji matamu, likauke, futa mafuta kwa thina. Zungushia utepe wa karatasi. Kisha toa rangi, si juu ya kutu tu, bali sentimita 2 au 3 kupita pale inapoonekana kuishia, mpaka ufike kwenye chuma kinachong'aa pande zote. Brashi ya waya hutoa magamba, msasa namba 80 hufuata. Vaa barakoa na miwani, hasa kwa gari la zamani sana ambalo rangi yake inaweza kuwa na risasi. Msasa wa maji hupunguza vumbi. Grinda hufanya haraka, lakini kwa bati jembamba mkono usiozoea hulitoboa au kulipasha moto likajikunja, na cheche zake zisikaribie tangi wala paipu za petroli.

Sasa ile hatua inayorukwa. Bati likishang'aa, vile vishimo bado vina vidoa vyeusi, na humo ndimo chumvi imejificha. Sugua kwa maji matamu ya moto na brashi ngumu, suuza, rudia. Kisha lowesha bati kwa maji matamu uliache kwa muda mfupi, ukilitazama. Vishimo vitakavyoanza kugeuka rangi ya machungwa mbele ya vingine ndivyo vyenye chumvi bado. Virudie hivyo. Ukishindwa kupata tofauti kati ya kishimo na bati linalokizunguka, umemaliza. Lifute na ulikaushe hapo hapo, kwa jua au mashine ya kukaushia nywele, maana chuma kitupu katika hewa hii kinaweza kupata kutu siku hiyo hiyo.

Kwa kutu iliyokataa kutoka vishimoni kuna dawa za kuigeuza. Nyingine zina asidi ya fosforiki, ambayo huifanya kutu kuwa fosfeti ya chuma, tabaka la kijivu au jeusi lisiloendelea kula. Nyingine zina tanini, kemikali ile ile iliyomo kwenye magome ya mikoko ambayo zamani yalisafirishwa kutoka pwani hii kwenda kutengenezea ngozi ng'ambo. Ikikutana na kutu huigeuza nyeusi. Zote hufanya kazi kwenye kutu nyembamba iliyoshikamana na bati. Ukizipaka juu ya magamba, zinageuza ngozi ya juu na chini yake mambo yanaendelea. Vaa glavu, fuata kibandiko cha chupa kuhusu muda wa kungoja na kama inasuuzwa au la. Siki na ndimu huweza kulegeza kutu kwenye nati au kipande kidogo kilichofunguliwa, lakini asidi iliyobaki lazima isuuzwe kabisa, na kamwe isikutane na dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, kwani huzalisha gesi ya klorini.

Kuna wanaotumia dawa kali ya kusafishia choo. Nyingi kati ya hizo ni asidi ya haidrokloriki. Kutu itatoka kweli, bati litang'aa, na utakuwa umelijaza kloridi, ile ile uliyokuwa ukiitoa.

Baada ya hapo ni praima, yaani rangi ya kwanza inayoshika chuma, na hapa ndipo pa kuweka pesa. Praima ya kawaida ya kijivu hupitisha maji; ukiiacha wiki kadhaa bila rangi ya juu, kutu itaanzia chini yake. Ile nyekundu inayopakwa mageti ina nafuu, lakini kwa gari tafuta praima ya epoksi, ya kuchanganywa na dawa yake ya kukaushia. Hiyo hushika chuma na huzuia maji kwa kiwango ambacho nyingine hazifikii. Piga mara mbili. Praima ya zinki ni nzuri pia, ila hufanya kazi kwa zinki kuliwa badala ya chuma, na kwa hilo ni lazima iguse chuma kisafi. Juu ya kutu au juu ya dawa ya kugeuza kutu haina faida.

Puti ikae juu ya epoksi. Puti ya kawaida ya polista hunyonya maji, na ikiwa imekaa moja kwa moja juu ya bati lenye vishimo, inayapeleka maji pale pale yasipotakiwa. Fundi wa bodi akikuambia, "Mzee, hapa tunapiga puti, inakaa sawa," mwombe kwa heshima aanze na epoksi. Kazi yake haitabadilika sana, na wewe utapata miaka.

Rangi ya juu si ngumu. Namba ya rangi imeandikwa kwenye kibati cha gari, mara nyingi ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango. Toyota nyeupe nyingi, kwa mfano, ni 040. Wachanganyaji wa rangi wanaweza kuitengeneza kwa namba hiyo. Lainisha praima kwa msasa namba 400 au 600, piga tabaka nyembamba nyembamba, malizia na lakeri.

Matundu ni habari nyingine. Tundu kwenye ukingo wa mlango unaweza kulikata na kuliziba. Tundu kwenye kizingiti, kwenye chesisi, mahali pa kuwekea jeki au pale springi na shoki zinapojishikilia si kazi ya faiba na gundi, kwa sababu hapo ndipo gari linapobebewa. Peleka gereji, bati lililooza likatwe mpaka kwenye chuma kizima, lichomelewe jipya. Hakikisha nyaya za betri zimefunguliwa kabla ya kuchomelea, na muulize fundi atakinga vipi upande wa ndani, maana moto umeunguza kinga yote iliyokuwapo na hakuna brashi inayofika kule.

Kinga ya ndani ni nta. Zinauzwa nta za kupulizia zenye mrija mrefu. Mrija unaingizwa kwenye vitundu vya vizingiti na milango, nta inatambaa kwenye mishono, halafu vitundu vinafunguliwa tena ili maji yaendelee kutoka. Hufanyika ndani kukiwa kukavu kabisa, baada ya siku kadhaa za jua. Kama ningeruhusiwa kulifanyia gari la Mombasa kitu kimoja tu, ningelifanyia hiki kabla ya rangi yoyote.

Kwa chini, watu wengi hupaka oili chafu. Najua inatoka wapi, ni rahisi na kwa muda inafukuza maji. Lakini oili iliyotumika ina asidi na masizi ya injini, hulainisha na kuvimbisha mipira ya chini ya gari, ina kemikali za kusababisha saratani kwa anayeipaka mara kwa mara, na ile inayodondoka inaingia ardhini, kwenye visima vile vile tunavyovitegemea. Mafuta safi ya lanolini, yale ya manyoya ya kondoo, au nta ya chini ya gari hufanya kazi hiyo vizuri zaidi. Na ile lami nyeusi ya kupuliza? Juu ya chuma kisafi kilichopigwa praima, sawa. Juu ya kutu, hapana: ikizeeka hupasuka, maji hupenya ufa, na nyuma ya ule weusi mzuri bati linaoza bila kuonekana.

Ukilala chini ya gari, liwe kwenye stendi imara. Jeki pekee isikubebe roho. Ukiwa kule, fuata paipu za breki kwa tochi kutoka mbele hadi nyuma. Zilizovimba au zenye magamba zisisuguliwe wala kupakwa kitu, zibadilishwe.

Ndani ya gari, adui ni kiyoyozi. Kwa joto letu huwashwa kila siku, na maji yanayotolewa hewani hutakiwa kudondoka chini kupitia bomba dogo la mpira. Ukiendesha na kiyoyozi kutoka Mtwapa hadi mjini ukaegesha na pasiwe na tone chini, bomba huenda limeziba, na maji yanaingia chini ya kapeti upande wa abiria. Inua kapeti uguse sifongo iliyo chini yake, kwa sababu juu panaweza kuwa pakavu kabisa. Usilifunike gari kwa turubai la nailoni linalogusa bodi, linafungia mvuke. Na ukivuka kwa feri ya Likoni na maji ya bahari yakarukia chini ya gari, au ukivuka mtaa uliofurika, suuza siku hiyo hiyo kwa maji matamu.

Anayenunua gari lililotumika Japani aulize lilitokea wapi. Mikoa ya theluji, Hokkaido kwa mfano, humwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, na gari la huko laweza kuwa jeupe safi juu na chini limeshaliwa. Mwombe muuzaji alipandishe. Tazama vichwa vya boliti vya fremu inayobeba injini, viungo vya eksozi na mikunjo ya chesisi. Kama vimepakwa weusi mpya unaonukia rangi, kwangua kidogo kwa ukucha kabla ya kuzungumza bei.